Nani Atacheza Wingi ya Kushoto?

Katika mtaa wetu huku Eastlands kuna watu ambao hawajawahi kulipa hata shilingi moja ya karo katika shule yetu, hawana mtoto ndani yake, na wengine wao hawamjui mwalimu mkuu hata kwa sura. Lakini waulize ni nani aliyekuwa kipa wetu miaka kumi iliyopita. Watakutajia jina lake, jina la babake, na siku aliyopigwa tobo. Hao ndio mashabiki wetu. Shule nyingine zina wafadhili, tena zina wazee waliosoma humo wakawa wakubwa serikalini. Sisi wa shule ya kutwa tuna kinyozi, fundi wa viatu, mama wa chapati, mzee wa magazeti na vijana wa boda boda wa pale steji. Kiwanja chetu hakina ua upande wa barabara, kwa hivyo huja kutazama mazoezi bila kualikwa, na kwa kutoa amri sijaona kocha wa kuwapiku.

Mwalimu mlezi wa chama aliponiuliza nitaandika juu ya nini mwaka huu nilimwambia mpira. Akaguna. Akasema insha za mpira zimejaa majarida, zote mechi imefika dakika ya tisini na mwandishi ndiye anayefunga. Nikamwambia hii yangu haina mechi hata moja. Ni habari ya maneno matupu ya watu waliokaa kwenye benchi la kinyozi, na kijana mmoja ambaye maneno hayo yalimhusu.

Msimu wa mpira wa shule za sekondari, kama mjuavyo, ni muhula wa pili. Timu huanzia katika kaunti ndogo, zikapanda ngazi baada ya ngazi hadi mashindano ya kitaifa, na zilizobahatika huendelea mpaka yale ya Afrika Mashariki, ambayo Agosti 2025 yalifanyika hapa kwetu Kenya, kule Kakamega. Lakini kwa mashabiki wetu msimu hauanzi muhula wa pili. Huanza Novemba, siku watahiniwa wa kidato cha nne wanapomaliza karatasi yao ya mwisho na kutoka langoni wakiimba na kuandikana mashati. Wao wakiimba, kinyozi huwa anahesabu. "Kipa ameenda. Mabeki wawili wameenda. Namba kumi ndiye huyo anaenda, muone." Kisha huulizwa swali la mwaka: wanaokuja ni akina nani?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Watoto walifanya KCPE, matokeo yakatoka, na muda si muda kidato cha kwanza kikaingia kikiwa kimevaa sweta kubwa kuliko mwili. Mashabiki wakasimama barabarani wakiwapima kwa macho. Sisi tulio kidato cha tatu sasa ndio wa mwisho kuingia kwa njia hiyo. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023, tukaingia Januari 2024, na baada yetu mlango ukafungwa. Mwaka mzima wa 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza, kwa maana wenzetu wa mtaala wa umilisi walikuwa bado Gredi ya 9 huko sekondari msingi. Mtu wa nje hawezi kujua uchungu wa jambo hili. Maana yake ni kwamba tulikuwa wadogo wa shule miaka miwili mfululizo. Tulifagia madarasa mwaka wa kwanza tukijipa moyo kwamba mwaka wa pili watakuja wa kutupokea mifagio. Hakuja mtu. Tukaendelea kufagia.

Kwa timu hali ilikuwa mbaya zaidi. Mechi za 2025 tulicheza na watu wale wale wa 2024, tofauti ni kwamba walikuwa wamechoka zaidi. Tulitolewa mapema, na sitaki kusema tulitolewa na nani. Novemba ilipofika, wachezaji saba kati ya kumi na mmoja wakamaliza shule kwa mpigo. Saba! Kwa hivyo utaelewa kwa nini Gredi ya 10 ya kwanza kabisa katika historia ya nchi hii, iliyokuwa ikitarajiwa Januari 2026, ilizungumzwa kwa kinyozi kama mvua inavyozungumzwa Ukambani.

Pembeni mwa kioo cha kinyozi kuna ubao mdogo mweusi ambao zamani ulikuwa wa bei. Bei zilifutwa kitambo. Sasa umechorwa kiwanja kwa chaki, na nafasi kumi na moja, na katika kila nafasi jina. Mimi hucheza beki ya kulia. Jina langu lipo, ila limeandikwa kwa herufi ndogo na mbele yake kuna alama ya kuuliza, na nilipomwomba kinyozi aifute alama hiyo alisema ataifuta mwezi wa Julai. Mwezi huo wa Novemba nafasi saba zilibaki wazi, na iliyowauma zaidi ilikuwa wingi ya kushoto. Watu wa mguu wa kulia ni wengi kama nzi. Mtu wa mguu wa kushoto ni wa kutafutwa kwa tochi.

Basi wakaanza kutafuta. Jumamosi baada ya Jumamosi vijana wa boda boda walizunguka viwanja vya shule za msingi wakiwatazama wavulana wa Gredi ya 9, kisha jioni wakaleta ripoti. Ungewasikia!

"Kuna mmoja hapo karibu na soko, mrefu, anaruka kama ametupwa."

"Huyo nimemwona. Anaruka sawa, lakini akishuka hajui mpira uko wapi."

"Na yule mfupi mwenye nywele nyekundunyekundu?"

"Yule ana mpira. Lakini ni mwoga. Akiguswa kidogo tu, ati kifundo. Kifundo gani bana!"

Fundi wa viatu hana haja ya kwenda viwanjani. Yeye husema mchezaji humjua kwa soli. Ukimpelekea kiatu kushonwa hukigeuza kwanza, akatazama kimeliwa wapi. Kikiwa kimeliwa kisigino, huyo ni mvivu, anangoja mpira umfuate. Kikiwa kimeliwa upande wa ndani hapa mbele, huyo anapiga pasi. Mama wa chapati naye ana kipimo chake: mtu anayekula akitazama huku na huku ndiye atakayeona pasi, mtu anayekula akiinamia sahani mpe ubeki. (Mimi nakula nikiinamia sahani. Mama alisema hivyo nikiwa mbele yake, chapati mdomoni.) Mzee wa magazeti, ambaye ni msomi wao, huwakumbusha kila jioni kwamba McDonald Mariga na nduguye Victor Wanyama walipitia Kamukunji High, hapa hapa Nairobi, kabla mkubwa hajafika Inter Milan iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka wa 2010, na kabla mdogo hajaifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona Novemba 2012. "Hapa hapa!" husema akigonga benchi. "Si mbinguni!" Ukimsikiliza utadhani alikuwepo akiwabebea chupa za maji.

Nilifurahia mazungumzo hayo, sitakana. Kazi za nyumbani za Hisabati nyingi nilizifanyia kwenye benchi lile. Lakini kadiri Desemba ilivyosonga nilianza kusikia jambo ambalo halikunipendeza masikioni. Umewahi kufika Kiamaiko mbuzi wakiuzwa? Mnunuzi hamwangalii mbuzi usoni. Hushika mgongo, hushika paja, huinua, huacha. Ndivyo wavulana wale walivyozungumzwa. Huyu ana mapaja. Yule ana umri gani wa kweli? Huyu mamake ni mrefu kwa hivyo atarefuka. Hakuna aliyeuliza mvulana amepata nini katika mtihani au yeye mwenyewe anataka nini. Na mmoja wa wavulana hao nilikuwa ninamjua kuliko wao wote.

Anaishi katika ploti yetu, mlango wa tatu kutoka kwetu, pamoja na nyanyake ambaye sote humwita Shosho. Shosho hupika githeri na kuuza pale nje jioni. Mvulana huyu ndiye humtekea maji alfajiri, akamchotea makaa, kisha ndipo huenda shule. Ana miaka kumi na mitano. Ni mwembamba, mkimya, na ana mguu wa kushoto ambao sijui niueleze vipi. Mpira ukimfika haudundi. Hutulia kama kuku aliyewekwa chini ya kapu. Tumecheza naye katika kijia cha ploti tangu tulipokuwa tunatumia mpira wa karatasi na kamba za juti, na kwa miaka hiyo yote nimemzuia mara chache sana.

Jina lake liliandikwa ubaoni wiki ya kwanza ya Desemba, wingi ya kushoto, herufi kubwa, bila alama yoyote ya kuuliza.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu wazazi wengi hata leo hawajaielewa habari hii, seuze mashabiki. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 haendi sekondari pevu kwa alama za siku moja kama tulivyokwenda sisi. Mtihani wa KJSEA ni asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 ni asilimia 20, na kazi za darasani za Gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20. Kisha huchagua mkondo. Mikondo ni mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Si kila shule ina mikondo yote mitatu. Shule yetu, ambayo mtaa mzima unaijua kwa mpira, ina miwili tu. Ule wa michezo hatuna.

Mvulana wa Shosho aliuchagua mkondo wa michezo.

Jioni moja nikawaambia. Kwa kinyozi kukawa kimya mpaka ungesikia mashine ya kunyolea ikikuna. Kisha wakalipuka wote kwa pamoja.

"Mpira unafundishwa darasani? Tangu lini?"

"Ati mtu asome kupiga kona!"

"Olunga alisoma michezo? Si alisoma mambo ya kupima ardhi?"

Hapo kijana wa boda boda alikuwa na haki, na nilimpa. Michael Olunga alisomea uhandisi wa mambo ya ramani na vipimo vya ardhi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, naye mwaka wa 2020 akafunga mabao 28 katika ligi ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Lakini nikawauliza: mvulana asipokuwa Olunga je? Akivunjika mguu? Katika mkondo ule angesoma habari za mwili na mazoezi, angeweza kuwa mwalimu, au mtu wa kutibu wachezaji, au refa, au kitu kingine ambacho sisi hapa hatujakifikiria. Kinyozi akaniambia mimi ninazungumza kama afisa wa elimu. Mama wa chapati peke yake ndiye aliyenyamaza akifikiri.

Matokeo yalipotoka mwezi huo wa Desemba alikuwa amefanya vizuri, na akapangiwa shule ya bweni, kubwa, ya mbali, ambayo sitaitaja. Siku chache baadaye mtu mmoja alikuja ploti kwetu kwa gari. Alikuwa amevaa suti ya michezo na filimbi shingoni, nadhani ili tujue ni nani. Alimsalimu Shosho kwa heshima zote, akakaa kwenye kigoda, akala githeri. Alisema shule inamtaka kijana. Alisema karo isimtie wasiwasi mama, wapo wafadhili wa timu, nusu italipwa na pengine yote. Mimi nilikuwa nje nikifua, nilisikia kila neno. Karatasi sikuona.

Karo ya shule za bweni za ngazi ile, kama Wizara ilivyoitangaza, ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na nusu yake hutakiwa muhula wa kwanza. Shule ya kutwa kama yetu haidai karo ya masomo, maana serikali, kwa maandishi, humlipia kila mwanafunzi 22,244; sisi hutoa ya chakula cha mchana na sare basi. Shosho hupata kwa githeri kiasi cha kula, kodi na makaa ya kesho. Alimtazama yule bwana, akamtazama mjukuu wake, akasema, "Kama ni Mungu amekuleta, sawa." Akauza redio na meza, akanunua sanduku, godoro na viatu.

Januari mvulana akaenda. Kwa kinyozi kulikuwa na matanga. Jina lilifutwa kwa kidole cha mate, wingi ya kushoto ikabaki na doa jeupe. "Wametuibia," walisema. Wametuibia! Kama kwamba mvulana alikuwa baiskeli iliyoachwa nje. Wakajaribu kujiliwaza na wageni wengine walioingia shuleni kwetu. Walikuja wengi, na ni haki niseme kwamba kipa tumepata, tena kipa wa kweli, mikono kama makasia, na viungo wawili wanaoelewana kama pacha. Mrefu wa sokoni naye alikuja, na ni kweli akishuka hajui mpira uko wapi. Wafagiaji pia tumepata hatimaye. Lakini kushoto palikuwa patupu. Walimjaribu kila mtu. Walinijaribu hata mimi. Sitaki kuizungumzia siku hiyo.

Wiki ya nne alirudi.

Nilimkuta asubuhi bombani na ndoo, kama ambaye hajaenda popote. Sanduku lilikuwa mlangoni. Nikamuuliza, "Umepewa likizo?" Akatikisa kichwa. Polepole nikayapata yote. Mfadhili hakuonekana. Kila alipomwendea bwana wa filimbi aliambiwa angoje, suala linashughulikiwa. Wenye deni la karo wakaitwa foleni, wakapewa barua za kwenda nyumbani, na jina lake lilikuwa miongoni mwao. Bwana wa filimbi siku hiyo alikuwa amesafiri. Alikuwa amefanya mazoezi na timu kila jioni kwa wiki tatu na kufunga mabao matano. Alinionyesha kwa vidole, matano, kisha akainua ndoo.

Habari ilifika kwa kinyozi kabla ya saa nne. Sijui nani aliipeleka, si mimi. Nilipopita hapo saa za jioni muziki ulikuwa juu, kinyozi ameshika chaki, na boda boda zinapiga honi kama harusi. "Mungu si Athumani!" walikuwa wakisema. "Amerudi nyumbani!" Jina likaandikwa tena, kubwa kuliko mara ya kwanza, limepita mpaka nje ya mstari wa kiwanja.

Kisha wakafanya jambo ambalo bora wasingelifanya. Wakaandamana, watu kama kumi hivi, mpaka ploti kwetu kumpongeza. Shosho alikuwa anapepeta maharagwe. Aliwasikiliza hadi wakamaliza. Halafu akaweka uteo chini na kuuliza kwa sauti ndogo, "Mnafurahia nini?"

Hakuna aliyejibu.

"Nawauliza nyinyi wanaume. Mtoto amefukuzwa shule. Redio yangu haipo, meza yangu haipo, mtoto hali. Nyinyi mmekuja kucheka. Mnafurahia nini?"

Nakuambia kweli mpenzi msomaji, nimewahi kuona timu ikifungwa mabao sita, lakini sijaona wanaume wakitazama viatu vyao namna ile. Fundi alivua kofia. Waliondoka mmoja mmoja, hata honi hazikulia.

Jioni iliyofuata mama wa chapati aliingia kwa kinyozi, mahali ambapo mwanamke huingia kwa nadra, akaweka mkebe wa Kimbo juu ya meza ya mafuta na kutia humo shilingi mia tano. Akasema ni harambee ya kumrudisha mvulana shule. Sasa ndipo mjadala ulipokuwa mkali kuliko wote niliosikia katika benchi lile. Kwa maana tazama: walikuwa wanaombwa watoe pesa zao wenyewe, za kunyoa na za kubeba abiria, ili wingi yao ya kushoto iende ikachezee watu wengine.

"Mimi nitoe pesa waje watufunge nayo?" kijana mmoja wa boda boda aliuliza.

"Si akae hapa tu, asome bure, acheze. Kuna ubaya gani?" akasema mwingine. Na kwa kweli hakusema jambo la kipuuzi; wengi wetu tunasoma hapa na hatujafa.

Mzee wa magazeti akasema mtoto si wa timu, mtoto ni wa mtaa. Kinyozi akasema mtaa ni timu. Wakabishana mpaka taa za barabarani zikawaka. Mwishowe fundi wa viatu, ambaye alikuwa hajafungua mdomo, alitoa noti ya mia mbili katika kofia yake, akaitia mkebeni, akarudi kwenye sindano yake. Baada ya hapo ilikuwa aibu kutotoa. Kwa siku tisa mkebe ulizunguka steji, sokoni, hata kwa makanga. Zikapatikana shilingi 11,400. Kwa mtaa wetu hizo ni pesa. Kwa shule ile ya bweni hazikufika hata nusu ya deni la muhula mmoja.

Walikuwa wanajadiliana tena wafanye nini, waende kwa mheshimiwa au wangoje mwisho wa mwezi, nilipowaambia mbona hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Wakatazamana. Nikaenda kumwita. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, chini kidogo ya ubao wenye jina lake, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wengi wao kusikia sauti yake.

Alisema hataki kurudi kule. Alisema kitanda cha kule ni kizuri na chakula si kibaya, lakini usiku alikuwa hapati usingizi akiwaza ni nani anamtekea Shosho maji. Uso wa kinyozi uliwaka kama stima imerudi. Kisha mvulana akaendelea. Alisema lakini mkondo wake hatauacha. Alikuwa ameulizia, ipo shule ya kutwa yenye mkondo wa michezo, matatu mbili kutoka hapa, na mwalimu mkuu wa huko amemwambia nafasi ipo akimaliza uhamisho. Anahitaji sare nyingine na nauli. Akaitaja shule.

Msomaji, shule hiyo ndiyo iliyotutoa mwaka wa 2025. Nilisema sitaitaja, na sitaitaja hata sasa, lakini wanafunzi wenzangu mnaijua na mnajua jinsi wanavyotuimbia.

Kinyozi aliketi. Kijana mmoja wa boda boda alicheka, si kicheko cha furaha, akatoka nje akawasha pikipiki akaizima tena. Mama wa chapati akauinua mkebe, akazihesabu pesa mbele ya watu wote ili mashahidi wawepo, akamkabidhi. Mvulana alizipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu kikakataa kutoka, akawapa mkono mmoja mmoja, mpaka yule aliyekuwa nje.

Sare ilinunuliwa, sweta ni ya kijani, rangi ambayo katika mtaa wetu haivaliwi. Asubuhi hupita steji saa kumi na moja na nusu akiwa amebeba mfuko, na boda boda wakiona amechelewa humpeleka mpaka barabara kuu bila kumtoza. Humtukana kidogo njiani, lakini hawamtozi. Shosho amepata redio nyingine, ndogo, ya mtumba. Fundi ndiye aliyeileta akasema imemlemea dukani.

Kwa kinyozi wingi ya kushoto bado ni doa. Sasa hawazungumzii tena ni nani ataicheza. Wanazungumzia jambo jingine, nalo linanihusu mimi. Wingi ya kushoto ya wale huja moja kwa moja juu ya beki ya kulia ya upande wa pili, na ratiba ya kaunti ndogo ikitupanga nao, beki huyo ni mimi. Kinyozi ana ushauri. Mzee wa magazeti ana ushauri mwingine, anasema nimlazimishe atumie mguu wa kulia, kana kwamba sikulijua hilo tangu mpira wa karatasi. Na vijana wa boda boda wamegawanyika. Wawili wamesema wazi kwamba siku hiyo watasimama upande wa pili wa kiwanja, kwa sababu katika sare ile ya kijani kuna mia tano zao.

Jioni akirudi, akishamaliza maji na makaa, hucheza nami katika kijia cha ploti kama zamani, mpaka giza. Kwa hesabu yangu ya wiki iliyopita nilimzuia mara nne katika kumi.